Majitaka ya jamii ndogo kuingia kwenye bomba la kanda: hela itoke wapi?

Kama unasoma hii basi najua mmefikia wapi. Nyumba mia tatu au mia nne, kila moja na shimo lake, mvua ikinyesha mashimo yanafurika, visima vimeanza kutia shaka, na kilomita chache kutoka hapo kuna bomba kubwa la kanda linaloenda kwenye mtambo unaosafisha majitaka ya miji mingine. Injinia kashapita, mamlaka ya kanda imesema tutawapokea, kikao kizima kimefurahi, halafu mtu mmoja wa nyuma kauliza hela ya kujenga inatoka wapi na kila mtu akaanza kuangalia simu yake.

Njia zinazotajwa huwa ni tano: ruzuku, mkopo nafuu, hatifungani (hati za deni mnazowauzia wawekezaji, mnawalipa na riba), wananchi wachange au watozwe, na ya tano kanda ijenge yenyewe halafu irudishe hela yake kwenye bili. Nitazipitisha zote kwenye maswali yaleyale matano, maana tatizo ninaloliona kwenye mijadala ya hivi ni watu kulinganisha embe na jiwe, huyu anasema ruzuku ni bure yule anasema mkopo unakuja haraka, wote wako sahihi na hakuna aliyemjibu mwenzake.

Maswali yenyewe

La kwanza ni bili ya mwezi ya nyumba ya kawaida, na hapa tafadhali msiangalie jumla ya mradi, jumla ya mradi inatisha tu haisaidii kuamua. Bili ina vipande vitatu: kulipia ujenzi, kulipa kanda kwa kupokea na kusafisha, na kuendesha bomba lenu wenyewe yaani umeme wa pampu, fundi, kuzibua chemba, kuweka akiba ya pampu mpya. Mpango wa hela unagusa kile kipande cha kwanza tu. Vile viwili vinabaki hata mkipewa ujenzi wote bure.

La pili, hela inafika lini. La tatu, masharti na makaratasi yake. La nne, mambo yakienda kombo nani anabeba, namaanisha gharama ikipanda katikati ya kazi au nusu ya nyumba zikigoma kuunganishwa. La tano ndilo linalosahaulika sana: hela hiyo inafika mpaka wapi? Inaishia kwenye bomba la barabarani, au inaingia uani kwa mtu, inalaza bomba la kutoka chooni kwake na kulifukia lile shimo la zamani? Kuna miradi bomba linapita mbele ya nyumba miaka na miaka na nyumba haijaunganishwa kwa sababu hakuna aliyehesabu zile mita kumi za mwisho.

Kabla sijaanza, kitu kimoja kuhusu mkataba na kanda

Hili siyo la mfadhili lakini linaweza kula faida yote ya mpango mzuri, ndo maana naliweka hapa juu. Muulizeni mkuu wa kanda atapima vipi majitaka yenu. Njia mbili ndizo za kawaida: anahesabu kwa mita za maji safi za nyumba, au anafunga mita kuu moja pale bomba lenu linapoingia kwenye lake. Mita kuu inaonekana ya haki na kweli ni ya haki, ila haijui tofauti ya maji ya choo na maji ya mvua. Bomba likiwa na viungio vibovu, chemba zikiwa na mifuniko iliyopasuka, au watu wakiwa wamechomeka mifereji ya paa kwenye bomba la majitaka, basi mvua ikinyesha mnalipia mawingu. Kipindi cha mvua kubwa mtiririko kwenye bomba bovu unaweza kuwa mara kadhaa ya ule wa siku kavu, na bili inakuja hivyohivyo.

Ulizeni pia nafasi mliyotengewa ni mita za ujazo ngapi kwa siku na mkizidisha faini yake ikoje, kuna kiwango cha chini mnacholipa hata msipokitumia au hakuna, ada ya kuingia ni kiasi gani (kanda nyingi zinataka mgeni achangie mtambo ambao wenyeji walishaujenga, na kwa upande wao ina mantiki), bei inapandishwa kwa utaratibu gani na nyinyi mna kiti kwenye bodi au mnasikia tu matangazo. Halafu kituo cha pampu ni cha nani. Bomba likilazwa vizuri linaweza kukaa miaka 50 na zaidi, pampu ni kitu cha miaka 15 mpaka 20 hivi, kwa hiyo mkopo wa miaka 30 utaisha mkiwa mshanunua pampu mara ya pili. Na bomba la kusukumwa likiwa refu majitaka yanakaa humo muda mwingi bila hewa, yanatengeneza gesi ile ya mayai viza inayokula zege la chemba kule yanakotokea, kuzuia hiyo ni gharama nyingine ya kila mwezi. Sawa, turudi kwenye hela.

Ruzuku

Bili: kipande cha ujenzi kinashuka sana au kinaisha kabisa. Hakuna njia inayoishinda hapa kwenye karatasi.

Muda: ndo kwenye mtego wake. Foleni ni ndefu, maombi yanapangwa kwa alama, msipopata mwaka huu mnasubiri awamu nyingine. Na kusubiri kuna bei yake. Tuseme mradi leo ni 100, ruzuku inalipa 75 na nyinyi mnatafuta 25. Bei za ujenzi zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 3 mradi uleule ni 119. Kama ruzuku iliandikwa kiasi kamili cha 75 na siyo asilimia ya gharama halisi, fungu lenu limetoka 25 limefika 44. Miaka 5 linakaribia 59. Hakuna aliyewaibia, ni mahesabu tu. Kwa hiyo barua ya ruzuku ikija mstari wa kwanza kusoma ni huo, je ni kiasi kilichofungwa au ni asilimia.

Masharti: mengi. Tathmini ya mazingira, zabuni kwa taratibu zao, ukaguzi wa hesabu, ripoti, na mara nyingi hela inakuja kwa kurudishiwa, maana yake mnalipa mkandarasi kwanza halafu mnaleta risiti. Jamii ndogo isiyo na akiba inakwama hapo hata kama ruzuku imepitishwa, inabidi ikatafute mkopo wa muda mfupi wa kuzibia pengo.

Nani anabeba: gharama ikizidi, karibu siku zote ni nyinyi. Na kuna hatari nyingine ya kimyakimya, hela ikiwa ya mtu mwingine kamati inakuwa na mkono mwepesi, bomba linaongezwa saizi "kwa ajili ya baadaye", pampu tatu badala ya mbili, halafu kuendesha huo ukubwa kunabaki kwenye bili. Marekani ilipita hii njia kwa kiwango kikubwa: sheria ya maji safi ya 1972 ilifanya serikali kuu ilipe mpaka asilimia 75 ya ujenzi wa mitambo ya majitaka, miaka ya 80 mgao ukashushwa mpaka 55, na marekebisho ya 1987 yakaanza kuzibadilisha ruzuku hizo kuwa mifuko ya mikopo. Ila ruzuku hazikuisha kabisa, za jamii ndogo za vijijini zilibaki kwenye wizara yao ya kilimo, kwa sehemu zenye watu wasiozidi 10,000, na zinaweza kufika asilimia 75 ya gharama kwa wale wenye kipato cha chini zaidi.

Inafika wapi: mara nyingi barabarani tu. Baadhi wanakubali kulipia uani kwa nyumba za kipato kidogo, ulizeni kwa maandishi.

Inawafaa wale ambao hata mkopo wa riba ndogo ungewavunja mgongo na wana mtu wa kushughulikia makaratasi, mtu kweli, siyo mwenyekiti anayefanya usiku baada ya kazi.

Mkopo nafuu wa mfuko wa mzunguko

Wazo ni rahisi, mfuko unakopesha kwa riba ya chini ya soko, mkilipa ile hela inakopeshwa kwa jamii nyingine. Mifuko ile ya Marekani iliyotokana na 1987 inaendeshwa hivyo, kila jimbo linaongeza asilimia 20 juu ya hela ya serikali kuu, na muda wa kulipa uliokuwa miaka 20 tangu 2014 unaweza kufika 30. Nchi nyingine nazo zina mifuko yenye sura kama hiyo.

Bili: hapa acha niweke namba kwa sababu watu wanabishania riba bila kuangalia muda. Kila 100 mnayokopa kwa riba ya asilimia 2 kwa miaka 30, mnalipa karibu 4.5 kila mwaka. Kwa asilimia 5 miaka 20, ni kama 8. Kwa asilimia 10 miaka 15, zaidi ya 13. Jumla mwisho wa safari ni 134, 160 na 197. Sasa rudi kwenye ile ruzuku iliyochelewa: fungu la 25 mkilikopa kwa asilimia 5 miaka 20 ni 2 kwa mwaka, ruzuku imeshinda kwa mbali, mkisubiri miaka 3 fungu la 44 ni 3.5, bado imeshinda ila siyo kwa mbali; mkisubiri miaka 5 lile 59 ni 4.7, na hapo mkopo nafuu wa mradi mzima uliochukuliwa leo, ule wa asilimia 2 kwa miaka 30, ungekuwa rahisi kidogo kwa mwaka ingawa mnalipa miaka kumi zaidi, achilia mbali miaka mitano ya mashimo kufurika. Badilisheni hizo asilimia ziendane na hali yenu, mnaweza kukuta jibu limegeuka.

Muda: wastani. Haraka kuliko ruzuku ila polepole kuliko benki, bado kuna orodha ya vipaumbele na bado wanataka michoro.

Masharti: wanataka kuona chanzo cha kulipia. Yaani bei ya huduma iliyopitishwa rasmi, siyo ahadi ya kikao. Wengi wanadai pia akiba ya deni na bili iwe inazidi malipo ya deni kwa kiasi fulani, tuseme mkidaiwa 100 kwa mwaka mapato baada ya uendeshaji yawe 110 au 120. Hiyo ziada mwananchi anaiona kwenye bili na atauliza, mwandalieni jibu.

Nani anabeba: nyinyi, na hasa wale walioungana. Hii ni hesabu inayouma. Mmekadiria nyumba 400, zikaungana 240. Deni ni lilelile, kila nyumba sasa inabeba mara 1.67 ya ilichoambiwa. Waliogoma wanaona bili za walioungana wanazidi kugoma. Dawa ni sheria ndogo ya lazima kuungana ndani ya muda fulani au ada ya kila mwezi kwa kila nyumba inayopitiwa na bomba hata kama haijaungana, na hiyo ipitishwe kabla ya kusaini mkopo.

Inafika wapi: mifuko mingine inaruhusu bomba la uani liingizwe kwenye mkopo. Kama inaruhusu, ingizeni, msione aibu. Mifuko mingine pia ina msamaha wa sehemu ya deni kwa jamii za kipato cha chini, kwa hiyo inakuwa ruzuku iliyovaa koti la mkopo.

Inawafaa jamii yenye kipato cha kati, bili zinazolipwa kwa kawaida, na tatizo ambalo haliwezi kusubiri awamu tatu za ruzuku.

Hatifungani

Hii naipitia haraka, kwa jamii ya nyumba mia nne kutoa hatifungani peke yake ni kama kukodi meli kuvuka mfereji. Kuna wanasheria, washauri, tathmini ya uwezo wa kulipa, na gharama hizo hazipungui sana hata deni likiwa dogo.

Bili: riba ya soko, na muda mara nyingi miaka 20 mpaka 30, kwa hiyo juu ya mkopo nafuu. Muda: mkishakuwa tayari hela inakuja yote kwa mkupuo, hiyo ni raha yake. Masharti: mwekezaji hajali mmechagua pampu gani, anajali kulipwa, masharti ya kiufundi ni machache na ya kifedha ni makali. Nani anabeba: nyinyi tena, na msipolipa jina lenu limeharibika kwa miaka. Inafika wapi: popote mlipoandika kwenye waraka, ila hela ya umma kuingia kwenye uwanja wa mtu binafsi ina mipaka ya kisheria sehemu nyingi.

Inapogeuka kuwa ya maana ni mkiwa wengi. Tamil Nadu huko India mwaka 2002 miji midogo zaidi ya kumi iliwekwa kwenye hatifungani moja ya maji na usafi wa mazingira, na Marekani jimbo la Vermont lina chombo cha kukopa kwa niaba ya miji yake midogo kwa zaidi ya miaka 50 sasa. Kama vijiji vyenu vitatu vinne vyote vinaelekea bomba lilelile la kanda, hili swali liulizwe. Shida ni kwamba mmoja akishindwa kulipa wenzake wanahisi, kwa hiyo mnahitaji kuaminiana au akiba ya pamoja, na kati ya hivyo viwili mimi ningechagua akiba.

Michango na tozo ya eneo linalonufaika

Humu kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Mchango ni hela ya mwanzo, kila nyumba inatoa kabla au wakati wa ujenzi. Tozo ya eneo ni deni lililogawanywa kwa viwanja vinavyonufaika na kulipwa kidogokidogo kwa miaka, mara nyingi pamoja na kodi ya ardhi.

Bili: kwa mchango, kipande cha ujenzi hakipo kabisa kwenye bili, mmeshamalizana. Ila 100 ya leo kwa mjane au mstaafu siyo sawa na 4 kwa mwaka. Kwa tozo inakuwa kama mkopo, kitu kinachobadilika ni nani analipa: kiwanja kitupu nacho kinalipa. Hiyo ni haki ukiangalia kwamba bomba likipita bei ya kiwanja inapanda.

Muda: mchango ndo unaoweza kuanza mapema kuliko vyote na ndo unaoweza kukwama vibaya kuliko vyote. Asilimia 60 ya kwanza inakusanyika haraka, ile iliyobaki unaifuata mlango kwa mlango.

Mfano ninaoupenda ni Orangi, Karachi huko Pakistan, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980. Wakaazi wa kila uchochoro walijichanga wakalipia vyoo vyao, bomba la uchochoro na bomba la mtaa linalokusanya, na kazi wakaisimamia wenyewe, halafu mabomba makuu na kusafisha vikaachwa kuwa kazi ya serikali. Somo lake liko kwenye ule mstari kati ya ndani na nje, maana uchochoro wa nyumba ishirini na kitu watu wanajuana, wanajua nani hajatoa na kwa nini, lakini huwezi kuchangisha uchochoro ulipie bomba kuu la kilomita sita. Mfano wa pili ni Alandur, pembeni ya Chennai huko India, mwishoni mwa miaka ya 90 wakazi waliweka amana ya rupia 5,000 kwa nyumba wakati mitaro bado haijachimbwa. Amana zile hazikujenga kila kitu, kulikuwa na mikopo na ruzuku pia, ila ziliwaonyesha wakopeshaji kwamba wateja wapo na wameshatoa hela. Alandur ulikuwa mji mkubwa kuliko mtaa wenu, lakini hiyo mbinu ya amana inashuka vizuri mpaka nyumba mia.

Masharti: machache kutoka nje, mengi kutoka ndani. Nani anashika hela, akaunti ina saini ngapi, mradi usipofanyika hela inarudi vipi. Tozo ya eneo inahitaji sheria inayoiruhusu na kura, na wenye viwanja vikubwa watakuja na mwanasheria.

Nani anabeba: kwa mchango, nyumba yenyewe na moja kwa moja. Kazi ikisimama katikati hakuna mfadhili wa kumlaumu.

Inafika wapi: hapa ndo inashinda wote. Hela ya mwenye nyumba inaingia uani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Inawafaa mitaa iliyoshikamana yenye wamiliki wanaokaa hapo, kwa vipande vidogo vya mtandao. Penye wapangaji wengi mchango unazaa ugomvi, mpangaji anasema siyo nyumba yangu, mwenye nyumba anasema siyo choo changu, sasa hapo tozo ya kiwanja ni afadhali.

Kanda ijenge yenyewe

Bili: inakuja kama nyongeza kwenye bei ya kanda, ama kwenu tu ama imetandazwa kwa wateja wote. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa ajabu. Ikitandazwa kwa wateja elfu hamsini mnakuwa hamuisikii, ikibaki kwenu tu mnaweza kulipa zaidi ya mkopo mngechukua wenyewe, kwa sababu kanda nayo inakopa na inaweka gharama zake za usimamizi juu. Usikubali neno "tutaangalia baadaye".

Muda: unategemea mko wapi kwenye mpango wao wa miaka mitano. Kama mko juu ya chanzo chao cha maji ya kunywa, mtashangaa mnavyopanda haraka kwenye orodha. Sheria nayo inaweza kuwasukuma: Umoja wa Ulaya kwenye maagizo yake mapya ya majitaka ya 2024 umeshusha kiwango kutoka makazi yanayozalisha majitaka kama ya watu 2,000 mpaka 1,000, hayo yawe na mtandao wa kukusanya ifikapo 2035. Brazil sheria yao ya 2020 inataka asilimia 90 ya watu wawe wamefikiwa na huduma ya majitaka kufika 2033, na inasukuma manispaa zijiunge kwenye vikundi vya kanda. Sehemu zenye msukumo wa hivyo kanda ina sababu ya kuwatafuta nyinyi, na anayetafutwa ana nafasi ya kujadili bei.

Masharti: kwenu machache, mnakabidhi njia ya bomba, ardhi ya kituo cha pampu, na kiasi fulani cha uamuzi. Hiki cha mwisho ndo bei halisi. Mkishakabidhi, bei inapangwa kwenye chumba ambacho huenda hamna kiti.

Nani anabeba: kanda inabeba ujenzi na uharibifu, na kwa jamii isiyo na fundi hata mmoja hii ni thamani ambayo haionekani kwenye jedwali. Pampu ikizimika saa nane usiku simu inapigwa kwao.

Inafika wapi: mpaka wa kiwanja, karibu kila mahali. Uani ni juu ya mwenye nyumba.

Inawafaa jamii isiyo na uwezo wa kuendesha chombo chake, iliyo karibu na bomba la kanda, na ambayo haijali sana kuachia usukani.

Kwa hiyo mfanyeje

Kwanza tuelewane kwamba miradi mingi inayokamilika haikuchagua moja. Wanagawa mradi vipande halafu kila kipande kinapewa hela inayokifaa, bomba kuu ruzuku na mkopo, mtaa tozo, uani mchango au mkopo mdogo wa nyumba. Kwa hali yenu sasa:

Kama visima vimepimwa na vimechafuka, au mamlaka ya afya imewaandikia barua, iwekeni hiyo barua juu kabisa ya maombi ya ruzuku, afya ya umma ndo inayopandisha alama karibu kila mahali. Na ombeni mkopo nafuu sambamba, msisubiri moja ikatae ndo mkimbilie nyingine.

Kama watu wana kipato cha kueleweka na shida ni kasi, mkopo nafuu wa muda mrefu, na kule kulazimisha kuungana kupitishwe kwanza. Bila hiyo mimi binafsi nisingesaini.

Kama mna majirani wenye shida hiyohiyo, kaeni nao kabla ya kila mtu kuajiri mshauri wake. Hata msipofika kwenye hatifungani, bomba moja la kuelekea kanda lililogawanywa kwa vijiji vitatu linapunguza kilomita kwa kila mmoja.

Kama nusu ya eneo ni viwanja vitupu vinavyosubiri bei ipande, tozo ya kiwanja, ili asiyejenga naye alipie anachokisubiri. Kama ni sehemu ya nyumba zinazokaliwa msimu tu, msiweke bili yote kwenye ujazo wa maji, wekeni ada ya kudumu ya kila mwezi ibebe deni, la sivyo wanaokaa mwaka mzima watawalipia wageni.

Kama kanda inawahitaji kuliko mnavyoihitaji, waache wajenge, na nguvu yenu yote muielekeze kwenye mkataba: nyongeza itandazwe kwa wote, kiti kwenye bodi, na mita kuu iwe na utaratibu wa kuhakikiwa.

Kama nyumba nyingi tayari zina tenki la septiki lililo zima, mwambieni injinia apige hesabu ya mabomba membamba yanayochukua maji tu huku matope yakibaki kwenye tenki. Kuchimba kunapungua, chemba zinapungua, ila lazima kuwe na gari la kunyonya linalopita kila baada ya miaka kadhaa na mtu wa kulisimamia. Kuna wafadhili hawaupendi mfumo huo, kwa hiyo ulizeni mapema kabla michoro haijalipiwa.

Na kama bado hamna michoro wala makadirio, yote niliyoandika hapo juu bado hayawahusu. Tafuteni kwanza hela ya upembuzi na usanifu peke yake, ni sehemu ndogo ya mradi na kuna mifuko inayotoa ruzuku kwa hiyo kazi tu. Injinia akija mpeni masharti mawili: alete gharama ya kuendesha kwa mwaka pembeni ya gharama ya kujenga, na ahesabu kila bomba mpaka kwenye choo cha nyumba ya mwisho.